Simu Iliyokaa Mlimani

Gari lilikuwa limeshaipita Sengerema, Hozefa akiendesha huku anabishana na mkewe juu ya mashimo ya barabara. Gulnaz, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa anarudi Mwanza kwa mama yake kujifungulia huko, kama desturi ya kwao. Hozefa angerudi peke yake Geita, kwenye duka lake la mabati na makarai.

Mwaka uliotangulia walifanya vivyo hivyo. Mtoto akazaliwa mfu, barua akapewa dereva wa basi, mvua ikakata njia, na Hozefa akafika matanga yameshaanuliwa. Safari hii aliapa kwamba habari itamfikia saa ile ile. Ndiyo maana alikuwa anakwenda kununua simu ya mkononi.

"Nataka ile ndogo," alisema. "Inaingia mfuko wa shati."

"Hata ugoro unaingia," alijibu Mama Aneth, mwanamke wa Kisukuma mwenye duara, shimo lake la kuchimba dhahabu huko Geita, aliyeomba lifti.

Mjini Mwanza walimshusha Gulnaz, wakaingia kwenye duka la hiyo simu ndogo. Muuzaji, kijana aitwaye Gregory, aliisifia mpaka jasho likamtoka. "Mtandao wetu unafika Geita, mama yangu!"

"Wewe umefika?"

"Mimi bado. Mtandao umefika."

Mama Aneth alicheka. "Sisi jiwe hatulinunui kwa sura. Linatwangwa, linaoshwa, ndipo watu wanaongea bei. Panda gari, tukaioshe simu yako huko Geita."

Gregory, aliyekuwa na hamu ya wateja wa dhahabu, akapanda kweli. Hozefa naye aliazima simu ya shemeji yake Zakir, ya kampuni nyingine, nene kama kipande cha sabuni ya mche, ili zipimwe pamoja.

Wakati wa kurudi, kivuko hakijafika ng'ambo ya ziwa, simu ndogo ikapoteza mtandao. Gregory aliinyanyua, akaizungusha, akapanda juu ya boneti.

"Endelea, baba," Mama Aneth alimtia moyo, "mbinguni si mbali."

Geita, ile nene nayo ilikufa dukani, ikafa chumbani. Walipopanda mlimani kwenye maduara, ikafufuka, vijiti viwili vya mtandao, kwenye jiko la Scolastika aliyekuwa akiwakaangia wachimbaji maandazi. Ukisogea hatua tatu, kimya.

Hozefa alikaa juu ya jiwe, amechoka. "Sasa nihamie huku kama nyani?"

"Wewe kaa dukani, mwanangu," alisema Mama Aneth. "Simu ikae huku."

"Nimiliki simu nisiishike?"

"Unataka simu, au unataka habari za mkeo?"

Kesho yake Hozefa alirudi Mwanza, akamrudishia Zakir simu yake, akanunua nyingine ya kampuni ile ile, akaja kumkabidhi Scolastika.

"Ikilia nifanyeje?" aliuliza Scolastika.

"Bonyeza cha kijani, useme naam."

Wiki ya tatu, mchana, ikalia. Alikuwa Zakir: uchungu umeanza. Scolastika akapaza sauti, na wachimbaji wakafanya wanavyofanya siku zote kupeleka neno shimoni, kila mmoja akimpigia kelele aliye chini yake, duara kwa duara, mpaka barabarani mbele ya duka: "Hozefa! Mkeo anakuita!" Hozefa aliliacha duka wazi na mteja ndani. Alikiwahi kivuko cha jioni. Alfajiri mtoto alipolia, yeye alikuwa nje ya mlango, viatu mkononi.

Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Fiza. Gulnaz alirudi Geita naye, wakapata na wavulana wawili. Gregory aliacha kuuza simu, akafungua kibanda cha betri Runzewe, akaoa huko. Duara la Mama Aneth lilijaa maji, akahamia Masumbwe kulima mpunga. Zakir alikwenda Dar es Salaam. Scolastika aliendelea na maandazi. Simu ilitumbukia kwenye mafuta yake ya moto mwaka uliofuata, na hakuna aliyemlaumu.