Visima Vitatu vya Opondo

Tangu asubuhi Opondo alikuwa akifukuza mbuzi, na mbuzi walikuwa wakimcheka. Kama hujapata kuona mbuzi akicheka, ungekuja Kakuma mwaka ule wa 1974: ukame umekaza, mto Tarach mchanga mtupu, na katikati ya vumbi mabwawa matatu ya maji ya kijani yanang'aa.

Yalikuwa ya maji taka. Opondo, fundi kutoka Kisumu, alikuwa ameyachimba na vibarua wake ili yapokee uchafu wa zahanati: bwawa la kwanza unatuama, la pili unachomwa na jua, la tatu maji yanatulia, kisha yanaachiwa mchangani. Lakini kingo zilikuwa za udongo, na kwato hazina adabu. Kesho mkaguzi Kariuki angefika kutoka Nakuru. Akikuta kingo zimebomoka, zahanati ingerudi kwenye vyoo vya ndoo, na kazi ya Opondo ingeota mbawa.

Seng'enge alikuwa ameweka. Watu wakaanikia ngozi. Kibao chenye fuvu la kichwa alikuwa amesimamisha. Watu wakausifu mchoro.

"Mama Nakuleu," alimlilia mwenye mbuzi, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi, "maji haya ni ya choo!"

"Ejok, sawa tu, fundi. Mbuzi hajali." Nakuleu aliegemea fimbo yake. "Siku ile sisi tuliuliza wewe, maji ni ya nani? Ulisema nini?"

"Nilisema ni ya serikali."

"Serikali iko na mbuzi ngapi?"

Opondo akamfukuza mbuzi mmoja ukingoni.

"Serikali alichimba na mkono gani? Kisima ni ya mtu alichimba. Huyo anafunga na miiba, watu wanaomba yeye. Akikataa, basi. Kama hakuna mwenyewe, mbuzi anakunywa."

Opondo alipigwa na butwaa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe miezi mitatu alikuwa akiwatangazia watu kwamba maji hayana mwenyewe! "Basi mwenyewe ni mimi!" akasema, akashika panga. Yeye na Nakuleu, aliyeridhika kwamba maji yamepata mwenyewe, wakakata matawi ya miiba, wakayazungushia mabwawa, wakaacha mlango mmoja uliozibwa kwa tawi. Kisha Nakuleu akapita manyatta hadi manyatta akieneza habari: Opondo ana visima vitatu, na ni mchoyo kupindukia.

Jioni mbuzi walikuja mbio. Wachungaji wakaiona miiba, wakawageuza bila neno. Opondo alitamani kuwakumbatia wote, mbuzi kwanza. Akazikandika kingo akiimba.

Kesho yake Kariuki akashuka kwenye Landrova, kaptula imepigwa pasi, akanyoosha mguu kulisukuma tawi.

"Wewe!" Nakuleu akapaza sauti, wanawake watano wamesimama nyuma yake. "Omba mwenyewe!"

"Mwenyewe nani? Haya mabwawa ni ya seri—"

"Bwana mkaguzi!" Opondo akaruka. "Nakuomba, neno hilo usilitaje hapa."

Kariuki akawatazama wanawake, akaitazama miiba, akavua kofia. "Bwana Opondo," akasema polepole, "naomba kuingia."

Furaha ilimpanda Opondo mpaka masikioni. Akalisogeza tawi. "Karibu kwangu," akasema, na harufu ya bwawa la kwanza ikawapokea.

Kariuki akazunguka mabwawa yote, akapima kingo, akazikuta nzima, akatia sahihi. Kisha akarudi penye tawi, akasimama kofia mkononi, akisubiri kuambiwa kama anaruhusiwa kutoka.