Vipopoo Havipikwi kwa Kunyamaza

Kwetu Tanga, vipopoo havipikwi kwa kunyamaza. Unga wa mchele unaumwagia maji ya moto, unaukanda, kila mtu anapewa donge lake, halafu mnakaa mnaviringisha vidonge vidogo vidogo vya kutumbukiza kwenye tui, na huku mnataniana. Ndivyo alivyotufundisha mama, naye alifundishwa na mama yake. Ukitaniwa ukakosa jibu, unachukua donge la aliyekushinda unaliviringisha wewe, mwenzio anakaa anajipepea. Watu wa hapa Malvern, huku kusini nilikohamia, wakiniona navutana na wauza mitumba pale Jules Street hudhani nina hasira. Sina hasira mimi, nimekuzwa na vipopoo.

Sasa mwaka 2018, baridi ya mwezi wa saba imekaza, dada yangu Zabibu akaja kutusalimia. Kaja kwa basi, na mapakacha, na mbuzi wake wa kukunia nazi, eti ya kopo haigusi. Mpakani akaulizwa kabeba nini, akasema mbuzi. Msamaria mmoja akamtafsiria, basi zima likasimama mnyama atafutwe.

Alipofika akamkuta mjukuu wangu Nusaiba, binti wa miaka kumi na mitano. Baba yake ni mwanangu Nassir, mama yake ni Masika, Mkongo wa Butembo, msusi. Nusaiba Kiswahili anakisikia chote. Shida kujibu. Anajibu Kiingereza, na akikasirika anajibu Kizulu. Mimi mwenyewe ananiita Gogo, kama watoto wote wa hapa wanavyowaita bibi zao.

"Gogo?" dada akashika kiuno. "Yaani Tumu, umevuka nchi zote hizo uje kuitwa kipande cha mti?"

"Afadhali gogo, dada. Gogo watu hulikalia. Wewe kuni ulishaisha kitambo."

Tukacheka. Lakini siku zikaenda, na dada kila akimtupia mtoto utani, mtoto anatabasamu, anasema "sharp, Bibi," yaani sawa, anarudi kwenye simu yake. Dada hakuzoea hivyo. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na dada wa bibi naye ni bibi. Mjukuu asiyekujibu ni kama amekufungia mlango. Mwisho dada akaacha kumsemesha. Akitaka chumvi ananiambia mimi, na chumvi iko mbele ya mtoto.

Siku moja tunaanika nguo, akanitolea lake la moyoni. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu si wetu, Tumu. Umewalelea watu."

Iliniuma, jamani. Dada ndiye mkubwa wetu aliyebaki, na neno atakalolipeleka Tanga halina wa kulipinga. Angesema Nusaiba si wetu, basi hata harusi zetu asingeitwa tena. Jibu nilikuwa nalo, lakini niliogopa kwamba pengine anasema kweli, nikaendelea kubana nguo kwa vibanio.

Ijumaa, kesho yake anaondoka, akataka vipopoo vya kuagana. Nikatandika mkeka jikoni, nikamwita Nusaiba akae na sisi. Kusikia jina la chakula, mtoto akaziba mdomo mabega yanamtikisika. Kwa Kiingereza cha shuleni kwao, jina hilo linakaribia sana mambo ya chooni.

"Anacheka nini?" dada akaniuliza mimi.

"Amefurahi," nikasema.

Nikagawa madonge. Tui lilikuwa motoni, iliki inanukia nyumba nzima. Dada akaanza na mimi, kuwapasha moto watu. Akasema vidole vyangu vimenenepa mpaka kila kipopoo kinatoka andazi. Nikamwambia vyake vidogo kwa sababu uchoyo umeingia hadi mikononi. Akasema nimezeeka, nikasema nilimkuta duniani. Mtoto anaviringisha tu. Na anaviringisha vibaya, masikini, kimoja bapa, kingine kina pembe, kingine kimepasuka.

Dada akakiokota kimoja cha Nusaiba, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hebu niambieni, hiki ni kipopoo au ni jiwe la kurushia mbwa? Nani wa kulitafuna dude hili?"

Hakumwangalia mtoto. Alikuwa anasema na mimi, kama kawaida yake. Nikafungua mdomo nimtetee.

"Wewe si utameza tu, Bibi," Nusaiba akasema, macho kwenye donge lake. "Meno yako yote ilikimbia makelele."

Loo! Dada meno ya mbele hana, na anajijua kwa mdomo. Sarufi ilikuwa imevunjika mbavu, lafudhi yenyewe ya Butembo kwa mama yake, lakini utani ulikuwa wa kwetu mtupu, umepita kama kisu kwenye papai.

Dada alimtazama. Akafumba midomo, akatafuta jibu juu, akalitafuta chini, hakuliona. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, akacheka akakohoa, akapiga mkeka kwa kiganja, unga ukaruka mpaka kwenye kilemba chake.

"Kumbe unao mdomo! Siku zote hizi ulikuwa unauweka wapi?"

"Mimi nasikiaga yote," mtoto akasema. "Nilikuwa naogopa mtacheka Kiswahili yangu."

"Tutacheka, tena sana. Wewe utucheke meno, sisi tukucheke Kiswahili. Lete donge lako hilo, umenishinda."

Akalichukua kwa mikono miwili, akaanza kuviringisha kazi ya mtoto. Bila kuinua uso akasema, "Mwezi wa kumi na mbili tuna harusi ya kijana wetu Mwadini. Utakuja ukae na mimi kwenye ungo wa vipopoo. Kuna mawifi zangu pale wamenishinda utani miaka mingi, nataka uwanyooshe."

Mimi machoni kumejaa. Nikainamia donge langu nijifanye nalikanda. Nusaiba akaniona. Akamgusa dada kiwiko, wakatazamana kama wezi wawili.

"Na wewe Gogo, leo mbona unanyamaza? Umemeza kipopoo kibichi?"

"Mjibu mtoto, Tumu," dada akasema. "Unachelewa."

Jibu nilikuwa nalo, wallahi, tena kali. Lakini ningefungua mdomo ningelia, na dada angenitangaza Tanga nzima. Nikanyoosha mkono, mjukuu wangu akalimega donge lake mikononi mwa dada akanipa, nikaviringisha.