Miguu ya Nje ya Kanisa la Biskuti

Mume wangu Wanjohi alikuwa mpishi wa mikate hotelini Doha, na mikate ilikuwa imemchosha. Desemba ya 2014 mkuu wake wa jiko, Elias, Mlebanoni asiyecheka ovyo, alimpa mtihani: atengeneze kanisa la Kigothi kwa biskuti za tangawizi, liwekwe lobi, pale wageni wanapopokelewa. Likisimama, atahamia upande wa keki. Likianguka, abaki na mikate yake.

Akaanza majaribio nyumbani kwetu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na meza yetu ya kulia ikawa kiwanda. Kila alipoweka paa, kuta zilitanuka zikalala chali. Alipoanza kulaumu tangawizi, nilijua maji yamemfika shingoni.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya ibada kanisani, nilimleta rafiki yangu Milka, mwalimu wa historia. Alitazama picha ya kanisa halisi ambalo Wanjohi alikuwa akiliiga, akatazama la biskuti, akauliza miguu ya nje, ile mihimili inayoegemea kuta pichani, imeenda wapi. Wanjohi akajibu bila wasiwasi kwamba hayo ni majukwaa ya wajenzi, wamesahau kuyatoa. Nilicheka hadi nikaketi sakafuni. Lakini ukiishi Doha, ambako kila jengo limezungukwa na mabomba ya mafundi, utamlaumu vipi?

Milka alitueleza huku akinywa chai. Mtindo huo wa Kigothi ulianzia karibu na Paris, karne ya kumi na mbili, watawa walipotaka nuru zaidi kanisani. Matao yenye ncha na mbavu za dari yalipeleka uzito kwenye nguzo, kuta zikapata nafasi ya madirisha makubwa, na miguu ya nje ikazizuia zisisukumwe nje. Kanisa la Canterbury lilipoungua, Waingereza walimwita fundi Mfaransa. Wajerumani wa Cologne nao wakauiga, wakamaliza lao baada ya miaka zaidi ya mia sita.

“Na kule Beauvais Wafaransa walijenga juu mno, dari ikaanguka,” akamwambia Wanjohi. “Kwa hivyo usijione ni wewe tu.”

Uso wa mume wangu ulichangamka. Akawasha oveni, akaoka miguu.

Siku ya kulizindua kanisa nilikuwa lobi. Elias alilizunguka, kisha akaweka kiganja juu ya paa, akakandamiza. Akakandamiza tena. Kuta hazikutikisika.

“Kuanzia Jumapili uko kwenye keki,” akasema.

Wanjohi, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu amenihubiria keki, alikuwa ameshaanza kufungua aproni yake ya mikate. Nikafuta machozi yangu ya furaha, nikamjibia.

“Amekubali.”