Antena ya Desmond

"Chukua hii ndogo, mama, inatumia betri ya karavani," muuzaji akaniambia. "Na antena hii inajitafutia mawimbi yenyewe."

"Nipe televisheni tu," nikamkatiza. "Antena ninayo."

Antena ilikuwa kazi ya marehemu mume wangu, Desmond. Kila tulipofika kambini Wales na karavani, kile kinyumba chetu cha kukokotwa na gari, alitoka nje kwenye mvua akauzungusha mlingoti wa antena huku akipaza sauti, "Sasa je?" Nami ndani, kikombe cha chai mkononi, nikimpigia kelele, "Bado! Umepitiliza, mjinga wewe!"

Safari hii nilienda peke yangu. Nikaiwasha televisheni mpya, ikaniandikia hakuna mawimbi. Nikavaa koti la mvua, nikatoka, nikauzungusha mlingoti, na kabla sijajizuia nikapaza sauti, "Sasa je?"

Nani anijibu? Nikabaki nimeushika mlingoti ule, maji yakiniingia shingoni.

Mara nikamwona Emlyn, mzee wa karavani ya jirani, ambaye hatukuwa tumesalimiana naye tangu mbwa wake aturarulie hema. Alikuwa amesimama kwenye matope, amebandika uso kwenye dirisha langu, akiitazama televisheni.

"Bado!" akafoka. "Umepitiliza, mjinga wewe!"