Sahani Iliyorudi Tupu

Sahani ilirudi tupu. Tangu Apolinaria ahamie jirani yetu hapa Tabora, haijawahi kurudi hivyo. Nikimpelekea futari, atanirudishia sahani na chochote, hata viazi viwili. Siku ile alinikabidhi mlangoni, imeoshwa inang'aa, akageuka bila kuniangalia. Nikasema moyoni: ndiye.

Maana siku tatu kabla, polisi walikuja kuchukua fataki za mwanangu Fauzi. Hawakupekua duka. Walikwenda moja kwa moja stoo ya nyumbani, wakainua magunia ya mchele, wakatoa maboksi. Tangazo kwamba hakuna kuuza fataki bila kibali lilibandikwa sokoni tangu mfungo uanze, ila Fauzi aliona Idi haitanoga bila kishindo. Sasa kila asubuhi anaripoti kituoni.

"Yule mama haziwezi kelele," alisema. "Kaletwa kambi ya wakimbizi Ulyankulu mgongoni mwa mamake, wamekimbia bunduki Burundi. Idi iliyopita alijifungia chooni. Nani mwingine angewaambia polisi?"

"Na stoo ameingia," nikaongeza. "Nilimtuma mwenyewe akachukue ungo."

Ibtisam, mke wa Fauzi, alikuwa akikoroga uji. Mwiko wake uliendelea kugonga sufuria.

Nikaacha kumpelekea futari. Nikawa namchungulia Apolinaria kwenye upenyo wa pazia. Akicheka na muuza mkaa, nasema anamsimulia. Akinyamaza, nasema dhamira inamsuta.

Jioni moja akaja na kapu.

"Shikamoo, Bi Nunu."

"Marahaba," nikajibu nusu mdomo.

"Nimekukosea nini? Harufu ya kaimati inafika kwangu, sahani haifiki."

"Sahani uliirudisha tupu."

Akamwaga kapu barazani: mahindi mabichi yaliyong'atwang'atwa, mengine magunzi matupu.

"Haya ndiyo waliyoniachia ngedere shambani Igalula. Nilikuwa nawafukuza kwa fataki za Fauzi, namtuma muuza mkaa aninunulie. Naiwasha, naziba masikio, nalia kama mtoto, lakini wanakimbia. Sasa hakuna. Kibali watapewa wenye harusi. Mwenye mahindi nani anamjua? Ningekuwekea nini, magunzi?"

Nikaingia ndani kumtafutia kaimati.

Mlango wa chumba cha mjukuu wangu Badar ulikuwa wazi. Chumba hicho kimepakana ukuta na stoo. Tangu maboksi yaingie, Ibtisam alikuwa akimlaza mtoto kwangu. Alidai chumbani kuna joto. Sasa godoro lilikuwa limerudi palepale ukutani, shuka imenyooshwa, chandarua kimechomekwa pande zote. Na joto lilikuwa lilelile.

Nilipogeuka, Ibtisam alikuwa nyuma yangu, mwiko mkononi. Tukatazamana.

"Mama," akasema taratibu, "nikuongezee kaimati?"

"Ijaze sahani."

Barazani nilimkuta Fauzi amefika kutoka dukani, amemsimamia mgeni wangu kama askari. Nikapita katikati yao, nikamwekea Apolinaria sahani mapajani.

"Mama!" Fauzi akang'aka. "Ina maana umeshamjua mwingine?"

Nyuma yangu, ndani, mwiko ulikuwa umeacha kugonga sufuria.

"Adhana hiyo," nikamwambia. "Futuru kwanza."