Saa Ishirini na Tano na Mwalimu

Daktari wa mifugo alikuwa akiizunguka meza ya chakula kwa mara ya tano, simu sikioni, na mume wake akavuta miguu ndani ili asikanyagwe.

"Hebu rudia," alimwambia wakala wa bima.

"Karibu mara mbili na nusu ya unayolipa sasa, dada. Ni kwa sababu ya magurudumu. Ndege uliyo nayo, magurudumu yamening'inia siku zote, huna cha kusahau. Hiyo unayoitaka unayakunja ukipaa, unayashusha ukitua. Watu husahau."

"Miaka kumi na moja narusha ndege. Sijavunja hata taa."

"Najua. Ndiyo maana hawakukukatalia. Ila kampuni inataka kwanza uruke saa ishirini na tano na mwalimu."

Alikata simu, amevimba kwa hasira. Saa ishirini na tano na mwalimu, yeye, ambaye mara mbili kwa wiki alitua kwenye viwanja vya nyasi kuchanja ng'ombe wa watu, huku mbuzi wakikimbizwa mbele yake.

Mume wake alikuwa amekwisha kuisoma karatasi ya hesabu ya gharama za ndege hiyo. "Kila mwaka fundi aiinue juu ya jeki, ajaribu kukunja na kukunjua. Pampu. Mipira ya kuzuia mafuta yasivuje. Yote haya ili ufike dakika arobaini mapema?"

"Arobaini kwenda, arobaini kurudi."

"Haya, saa moja na dakika ishirini. Utazifanyia nini?"

Daktari akaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jumamosi asubuhi alikwenda uwanja wa ndege kuijaribu ndege aliyoitaka. Muuzaji alikuwa rubani mstaafu ambaye kila mtu alimwita Kapteni, mzee mpole, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono. Alimpa kiti cha kushoto, cha rubani, yeye akakaa kulia, mikono mapajani.

Walipopaa, daktari akainua kishikio cha magurudumu. Kitu kikagonga chini ya sakafu, taa tatu za kijani zinazoonyesha kuwa magurudumu yako chini zikazimika, na ndege ikachomoka. Kwa mara ya kwanza wiki ile moyo wake ukatulia. Mashamba yaliyokuwa yakimchosha kuyapita yakapita yenyewe.

Wakati wa kurudi akili yake ilikuwa mezani, ikimjibu mume wake. Angelala zaidi. Angewahi kliniki. Akageuza kuelekea uwanja, akapunguza nguvu ya injini, na king'ora kikaanza kulia.

"Nini hicho?"

"Niambie wewe," alisema Kapteni.

Alitazama mahali pa taa tatu. Giza. Akasukuma nguvu yote, akainua pua, wakapita juu ya uwanja kimo cha nyumba ya ghorofa. Walizunguka upya. Safari hii alishusha magurudumu, akazihesabu taa kwa kidole, akatua. Akazima injini.

"Ningekuzuia," alisema Kapteni. Kisha akaongeza: "Mimi sikuwa na wa kunizuia. Mwaka juzi niliitua hii kwa tumbo. King'ora kinalia, nami nagombana na redio. Bima walitengeneza, halafu wakanipandishia malipo mpaka nikanyoosha mikono."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeyakuta kwenye kitabu cha matengenezo. Nilitaka uipende kwanza."

Daktari alishuka bila kumuaga.

Nyumbani mume wake aliuliza ilikuwaje. Angeweza kusema inaruka vizuri, na usingekuwa uongo.

"Nimesahau magurudumu," alisema.

Mume wake aliweka kalamu chini. Alimvutia kiti, na safari hii daktari akakaa.

Jumatatu alimpigia Kapteni kumwambia hapana. Mfanyabiashara mmoja akainunua ndani ya wiki mbili. Daktari aliendelea na ndege yake ya polepole, akifika kwa wafugaji jua limepanda, miguu ikimuwasha kwa haraka kwenye pedali njia nzima.

Mwezi uliofuata wakala alipiga simu kuuliza kama bado anayahitaji yale makadirio ya bima ya ndege ya aina ile. Daktari alisema hapana. Kisha, kabla hajakata, akauliza yanadumu mpaka lini.