Upepo wa Tairi la Nyuma

Straton aliendesha lori miaka thelathini kabla hajapofuka macho. Asubuhi ile, yeye na mkewe wakijiandaa kwenda Bweyeye kumwona mjukuu, alizunguka gari lao akibonyeza matairi yote manne kwa dole gumba.

"Ziko muzuri, Maman Mucyo. Twende."

Mkewe Speciose, aliyepata leseni ya udereva mwaka ule, alichomeka kipimo cha upepo hata hivyo. Tairi moja la nyuma lilikuwa na ishirini badala ya thelathini na mbili.

"Papa Mucyo, hii iko chini sana."

Straton aliomba pampu. Kisha akajaza polepole huku mkewe akimsomea namba. Zilipotimia thelathini na mbili, alilibonyeza tairi tena.

"Sisikii tofauti," alikiri. "Kuanzia leo utapima wewe."